Roshani, baraza, ua au darini: kuchagua pa kupungia upepo Mombasa

Mtu akienda kuangalia nyumba Mombasa huuliza mambo yale yale: vyumba vingapi, maji hutoka siku gani, kodi ni kiasi gani na amana je. Nafasi ya nje huonyeshwa mwisho, dalali anapofungua mlango wa sebuleni na kusema, "Na hapa pana balkoni, bahari ile waiona." Mpangaji anatazama bahari, moyo unamtulia, analipa. Februari ikiingia ndipo anapogundua kwamba balkoni ile haikaliki tangu saa nane mchana hadi Magharibi, na bahari yenyewe anaitazama kupitia pazia.

Kwenye mji wa joto na mvuke kama huu, nafasi ya nje ni chumba kamili. Watoto hucheza hapo, nguo hukauka hapo, wazee hupumua hapo usiku stima ikipotea. Kwa hiyo inastahili maswali mawili ambayo nayaona makubwa kuliko mandhari: nani atakaa hapo, na saa ngapi? Nitazilinganisha roshani (yaani balkoni), baraza, ua, darini (yaani juu ya paa la jengo) na veranda kwa vipimo hivyo, yaani saa na sitara. Anayejenga na anayepanga watatofautiana mwishoni, maana mmoja ana uhuru wa kuweka ukuta anapotaka na mwingine ana uhuru wa kukataa tu.

Jua na pepo kwanza

Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita karibu na utosi mwaka mzima. Tangu katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba huegemea kidogo kaskazini, miezi iliyobaki huegemea kusini. Roshani inayotazama kaskazini au kusini ina bahati, kwa sababu jua likiwa juu kiasi hicho, sakafu ya nyumba ya juu yake yatosha kulizuia. Hata Juni, jua linapoegemea kaskazini kuliko wakati mwingine wowote, upenu uliotokeza mita moja na nusu hutia kivuli ukuta wa karibu mita tatu saa za adhuhuri.

Mashariki na magharibi ni habari nyingine, maana huko jua humpiga mtu usoni. La mashariki lavumilika, tena hukausha nguo mapema. La magharibi huanza kuuma saa nane, ukuta umeshapata moto, na likishuka hakuna upenu unaoliweza. Ukuta wa zege ulioota jua la alasiri huendelea kutoa joto hadi baada ya Isha, na chumba cha kulala kilicho nyuma yake ndicho kinachoumia.

Sasa pepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, tangu Disemba hadi Machi hivi. Kusi huja kutoka kusini mashariki, huanza Aprili na kupata nguvu katikati ya mwaka. Baina yake kuna maleleji, upepo unapokuwa haujui uelekee wapi, na miezi hiyo ndiyo watu hulala sakafuni. Ukizitazama pepo hizi mbili pamoja, utaona zote huja kutoka upande wa mashariki. Nafasi inayotazama magharibi hupata jua kali na hubaki kisogoni mwa upepo, mabaya mawili kwa pamoja. Ile ya kona ya kusini mashariki au kaskazini mashariki hupata upepo msimu mmoja kwa wingi na msimu wa pili kwa kiasi, na saa za jioni iko kivulini.

Hapa ndipo mandhari ya bahari yanapodanganya. Nyali na Bamburi bahari iko mashariki, kwa hiyo anayeitazama bahari anautazama upepo pia. Mji wa Kale unaoelekea bandari ya zamani uko vivyo hivyo. Lakini anayetazama bandari ya Kilindini kutoka kisiwani, kwa mfano Ganjoni, anatazama machweo. Ni mandhari mazuri sana kwa nusu saa, na saa tatu zinazoitangulia nusu saa hiyo ni za kufungia mapazia. Ukiambiwa "bahari waiona," uliza upande gani.

Jambo moja zaidi kuhusu upepo, na wengi hulisahau: hauingii pasipo na pa kutokea. Roshani nzuri kwenye fleti yenye madirisha upande mmoja tu itakupa upepo ukiwa umesimama nje, na sebule itabaki na joto lake. Ukienda kuangalia nyumba, fungua mlango wa roshani na dirisha la upande wa pili, jikoni au chooni hata, kisha simama katikati. Ukihisi mkondo wa hewa shingoni, hiyo ni nyumba ya kufikiriwa.

Roshani na baraza: aliye juu na aliye chini

Mji wa Kale una vyote viwili, mara nyingi kwenye nyumba moja, na ni mahali pazuri pa kujifunza tofauti yake. Ukiteremka Ndia Kuu kutoka upande wa Ngome ya Yesu, utaona roshani za mbao zimeshikiliwa na mikono iliyochongwa, nyingine zina vimiambamba, yaani vipande vyembamba vya mbao, vilivyopishanishwa hadi kiunoni, nyingine zimefunikwa hadi juu. Nyingi ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, enzi ambazo biashara ya mji ilipanuka, reli ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1896, na wafanyabiashara na mafundi kutoka Bara Hindi waliacha alama ya mkono wao kwenye mbao hizo. Chini ya roshani, ukutani, mara nyingi pana baraza la mawe na chokaa.

Roshani ya namna hiyo ilijua kazi yake. Iko juu ya kimo cha vichochoro, mahali ambapo upepo haujazuiwa na kuta. Hutia kivuli njia na wapita njia. Na kubwa zaidi, mwanamke aliye ndani ya vimiambamba huona njia nzima, humwita muuza samaki, huweza hata kumshushia kikapu kwa kamba, na yeye haonekani. Hiyo ndiyo sitara iliyokamilika: kuona bila kuonwa, na upepo unapita. Ukiilinganisha na roshani za fleti mpya zenye ukingo wa kioo, huwezi kujizuia kusikitika. Kioo huzuia upepo pale pale mtu anapoketi, na humwacha mama wa nyumba mbele ya mtaa mzima tangu kichwani hadi visigino. Matokeo yake yako wazi kwa kila anayepita: vioo vimefunikwa kwa shuka, kanga na mikeka, na roshani imekuwa stoo.

Baraza ni kinyume chake kwa kila hali. Halina mlango, halina ufunguo, na huwezi kuchagua nani aketi. Ukiketi barazani umekubali kusema masalkheri kwa kila apitaye, umekubali kuulizwa hali ya mgonjwa wako na lini mwanao ataoa. Saa zake ni baada ya Alasiri hadi Isha, ukuta wa mbele ukishapata kivuli, na kwa nyumba inayotazama mashariki ni hata kabla ya hapo. Kahawa tungu inapita, dhumna zinagongwa, bao linachezwa. Asubuhi baraza lile lile ni duka: mahamri na mbaazi, na jioni viazi karai na bajia. Kwa familia ambayo kipato chake ni kidogo, baraza lililo kwenye njia yenye watu laweza kuwa na thamani kuliko chumba cha ziada, na nalisema hili kwa wanaobomoa mabaraza ili kupata nafasi ya kuegesha pikipiki.

Baraza pia lina kazi ya ujenzi. Hulinda kitako cha ukuta dhidi ya maji ya mvua yanayoruka kutoka ardhini na dhidi ya mikokoteni. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huumia kwanza pale chini, unyevu unapopanda, na ukilibomoa baraza umeuvua ukuta kiatu chake.

Kwa nani basi? Roshani ni ya anayetaka kupumzika na mtaa wake akiwa mbali kidogo. Baraza ni la anayetaka mtaa. Mzee anayeishi peke yake, nampendelea baraza bila kusita: siku asipotokea Alasiri, watu watagonga mlango. Mama mwenye mtoto mchanga na anayetaka nusu saa ya upepo bila buibui, roshani yenye vimiambamba au matofali ya matundu itamfaa kuliko chochote kingine.

Roshani za fleti: ya kutokeza, ya kuingia ndani, na iliyozibwa

Wengi wetu leo hatuchagui baina ya roshani ya kuchonga na baraza la mawe. Tunachagua baina ya fleti ya ghorofa ya pili Tudor na ya ghorofa ya nne Kisauni. Hapa tofauti ni tatu.

Ya kutokeza, inayoning'inia nje ya ukuta, hupata upepo pande tatu na huonekana pande tatu. Ni nzuri kwa nguo na kwa anayependa kutazama. Mvua ya masika, ambayo Mei ndiyo kilele chake, huja ikisukumwa na kusi, na roshani ya kutokeza inayotazama kusini mashariki hulowa hadi mlangoni. Angalia kama sakafu imeinama kuelekea nje, kama sentimita moja kwa kila mita, na kama kuna kizingiti kati yake na sebule. Mwaga ndoo ya maji ukiwa na mtunza jengo. Yakirudi ndani, utayaona tena Mei.

Ya kuingia ndani, iliyozungukwa na kuta tatu, ina upepo mdogo zaidi lakini kivuli na sitara zake ni bora, na watoto wako salama zaidi. Nikiulizwa na familia yenye watoto wadogo, nasema hii, mradi kina chake kiwe mita moja na nusu au zaidi. Kina ndicho kipimo ambacho matangazo ya nyumba hukificha. Roshani yenye urefu wa mita nne na kina cha sentimita themanini yaonekana kubwa pichani, lakini kiti na meza haviwezi kukaa na mtu akapita. Hiyo ni kamba ya nguo tu. Mita moja na nusu kwa mita mbili na nusu hutosha mkeka, watu wanne na sinia la futari.

Iliyozibwa, ama kwa slaidi za aluminiamu ama kwa grili tangu chini hadi juu, ni roshani iliyopoteza nusu ya faida yake. Najua kwa nini watu huziba: wezi, vumbi, kunguru, na hamu ya kupata chumba kingine. Slaidi hufunguka nusu yake tu, kwa hiyo nusu ya upepo hubaki nje. Grili ni afadhali, hewa hupita, lakini isiwe tundu lisilo na mlango. Lazima iwe na kipande kinachofunguka, na ufunguo uning'inie mahali ambapo kila mkubwa nyumbani anapajua hata gizani. Moto ukianzia jikoni, roshani ndiyo njia ya pili, na grili iliyochomelewa pande zote huifuta njia hiyo.

Wengi huweka jiko roshani, na hapa kuna tofauti ya hatari. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka chini na kulala sakafuni. Roshani yenye ukingo wa nguzo nguzo au matofali yenye matundu chini huiachia itoke. Roshani yenye ukingo mzima wa ukuta, bila hata tundu la maji, huikusanya kama beseni. Jiko la makaa hali yake ni nyingine: moshi wake una sumu isiyo na harufu, na katika roshani iliyozibwa kwa slaidi ni sawa na kupikia chumbani. Ukiwa na roshani iliyozibwa, makaa yasiwashwe hapo kabisa.

Kuhusu watoto, Kenya haina haja ya kuona aibu kuazima kipimo kinachotumika kwingine. Uingereza hutaka ukingo wa roshani uwe na kimo cha milimita 1,100, na nafasi baina ya nguzo zake isipitishe mpira wa milimita 100. Nenda na utepe wa kupimia. Milimita 100 ni upana wa kiganja cha mtu mzima pamoja na kidole gumba. Tazama pia kama ukingo una vyuma vya kulala, maana mtoto wa miaka mitatu huvipanda kama ngazi. Vyuma vilivyosimama ni salama zaidi, hata kama vya kulala vinapendeza.

Ua na darini

Nyumba za Majengo na mitaa mingine ya zamani nje ya Mji wa Kale, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, zina baraza mbele na ua nyuma. Ua ndio moyo wa nyumba hiyo. Saa zake ni za asubuhi hadi adhuhuri, kazi za nyumbani zikiwa nyingi: mbuzi ya kukunia nazi, ndoo za kufulia, jiko, watoto wa vyumba vyote. Kivuli chake hutokana na mti na kuta, na kama pana mwarobaini au mwembe, joto hupungua kwa namna ambayo mwavuli wa duka hauwezi. Mwanamke hukaa ua kwa kanga tu. Kwa familia yenye kazi nyingi za mikono, hasa zile za kupika kwa kuuza, hakuna nafasi nyingine inayoukaribia ua.

Lakini ua wa kupanga ni wa wote. Kamba ya nguo, zamu ya maji na zamu ya kufagia ni mambo yanayoweza kuvunja ujirani wa miaka. Kabla ya kulipa, keti ua asubuhi moja, salimia wakubwa, "Shikamoo mama," uliza zamu zikoje. Watakuambia bila kuficha, na utajua kama unawaweza nao kama wanakuweza.

Adui mkubwa wa ua siku hizi ni ghorofa la jirani. Fleti ya ghorofa tano ikisimama kando, madirisha yake na roshani zake zote humimina macho ndani ya ua. Sitara ya miaka sitini huondoka kwa jengo la mwaka mmoja. Kwa anayejenga fleti, nasihi moja: upande unaoelekea ua wa jirani uwekwe ngazi, vyoo na madirisha ya juu, na roshani zielekee njiani. Ni haki ya jirani, na haigharimu zaidi ikipangwa mapema. Kwa mwenye ua uliokwisha kumulikwa, kipande cha makuti juu ya sehemu ya jikoni, au mmea wa kutambaa juu ya waya, hurudisha nusu ya ua. Kuinua ukuta hakusaidii dhidi ya macho yatokayo juu, na huua upepo.

Darini, juu kabisa penye matangi, mambo hugeuka. Upepo ni mwingi kuliko mahali popote katika jengo, na jua pia. Kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni hapakaliki pasipo kivuli. Na zege lililoota siku nzima huendelea kutoa joto, kwa hiyo hata baada ya Magharibi kaa juu ya mkeka mnene au kitanda cha kamba, usikae sakafuni. Saa zake nzuri ni mbili: baada ya Alfajiri, na baada ya Isha. Ni mahali pa kuanika nguo, pilipili, na maembe ya achari, ukiwa na wavu, maana kunguru wa mji huu hawaachi kitu. Ni mahali pa kutazama mwezi mwandamo, pa kupikia mapochopocho ya harusi na pa kulia futari ya watu wengi.

Na ni pa wote, au si pa mtu, ikitegemea ufunguo. Fleti nyingi zina darini kwenye matangazo na kufuli kwenye mlango. Uliza ufunguo uko kwa nani na unafunguliwa saa ngapi. Jibu likiwa "waweza kupanda wakati wowote," panda hapo hapo.

Uzito ni jambo ambalo wenye nyumba huchukulia rahisi. Lita 1,000 za maji ni tani moja, kwa hiyo tangi la lita 10,000 ni tani kumi mahali pamoja. Likihitajika kuwekwa, liwe juu ya nguzo au mihimili, si katikati ya sakafu. Udongo wa bustani uliolowa nao ni mzito, mita moja ya ujazo huweza kukaribia tani mbili. Anayetaka bustani darini afadhali atumie vyungu na ndoo kando ya kuta kuliko kujaza vitanda vya udongo. Na tabaka la lami lililowekwa kuzuia maji lisitobolewe kwa misumari ya mahema: mvua itaonyesha tundu hilo kwenye dari ya jirani wa chini.

Nikiulizwa baina ya ua na darini, kwa matumizi ya kila siku nachagua ua, na kwa furaha ya mara kwa mara nachagua darini. Ngazi za ghorofa tano ukiwa na beseni la nguo mbichi huamua mambo mengi.

Veranda

Veranda, yaani upenu mpana wa chini wenye nguzo, iko nyingi Kizingo, Nyali na kwenye nyumba za zamani za watumishi wa serikali. Ina kivuli cha kutwa, hukalika mvua ikinyesha, na mzee huifikia bila ngazi. Kwa mwenye kiwanja cha kutosha ni chaguo jema kuliko yote. Upungufu wake ni mmoja: hula ardhi, na ardhi kisiwani hakuna. Kasoro ndogo ni kwamba chumba cha nyuma huwa na giza, basi madirisha yake yawe marefu.

Mbao, chuma na zege mbele ya chumvi

Chumvi ya hewa ya Mombasa huingia kila mahali, na kila kitu kinachotokeza nje huipokea kwanza. Roshani ya zege iliyoning'inia hutegemea nondo zilizo sehemu ya juu ya sakafu yake, kwa sababu juu ndiko inakovutwa. Fundi akiziweka chini, au zikikanyagwa zikazama wakati wa kumwaga zege, roshani itasimama kwa muda kisha ipasuke pale inapokutana na ukuta. Ufa mrefu juu ya sakafu, sambamba na ukuta, ni ishara ya kuondoka hapo na kumwita mhandisi, si ya kuita fundi wa plasta. Madoa ya kutu chini, na plasta inayoanguka vipande, maana yake chumvi imefika kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Anayejenga asikubali mchanga wa pwani wenye chumvi kwa bei yoyote ile, na asimamie siku ya zege yeye mwenyewe.

Kwa ukingo, chuma cha kawaida ni rahisi kununua na ghali kutunza: karibu na bahari hutaka kusuguliwa na kupakwa rangi kila mara. Chuma kisichoshika kutu kina daraja, na daraja la 304 linalouzwa kwa wingi huanza kuwa na madoa hewani mwa bahari. Omba 316. Aluminiamu hustahimili. Matofali ya matundu ya saruji ndiyo nipendayo zaidi kwa nyumba ya kawaida, kwa sababu yanaleta hewa na sitara pamoja, hayaibiki wala hayapakwi mafuta.

Mbao nzuri, mvule, msaji au mbambakofi, haiogopi chumvi. Inaogopa maji yaliyotuama na mchwa, na misumari ya chuma iliyomo ndani yake huoza kabla yake. Tumia ya shaba au iliyopakwa zinki, tia mafuta, na uhakikishe kila kiungo kinamwaga maji. Vyungu vya asmini na mrihani visikalie sahani zenye maji. Mombasa imepatwa na milipuko ya homa ya dengi, 2013 ukiwa mmoja wapo, na mbu wake huzaa kwenye maji madogo safi kama hayo, huuma mchana, saa ambazo watoto wako roshani. Mwaga sahani angalau mara moja kwa wiki, au zijaze mchanga.

Basi uchukue ipi

Mpangaji wa fleti mwenye watoto: roshani ya kuingia ndani, kina cha mita moja na nusu, isiyotazama magharibi, ghorofa ya pili au ya tatu, hata kama bahari haionekani. Ukibaki na mbili zinazolingana, chukua yenye dirisha la kupitisha upepo upande wa pili. Kijana anayeishi peke yake na kushinda kazini hadi jioni hana haja ya kulipia roshani kubwa. Jengo lenye darini inayofunguka litamtosha.

Anayejenga kwenye kiwanja kidogo Kisauni, Likoni au Mikindani, namshauri aanze na baraza mbele na ua nyuma, hata kama ana mpango wa kupandisha ghorofa baadaye. Roshani huongezwa juu kwa kuchorwa mapema kwenye ramani. Ua uliokwisha kujengwa juu yake haurudi. Mwenye kiwanja kikubwa Nyali aweke veranda upande wa mashariki na asiizibe.

Na mwenye nyumba Mji wa Kale ambaye roshani yake imeanza kuinama: usiing'oe kuweka ya zege. Eneo hilo linahifadhiwa, na kazi kama hiyo hupelekwa kwanza kwenye ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambayo kazi yake imo katika sheria ya turathi ya 2006. Wakikupa ushauri wa mafundi, usikilize. Mara nyingi kilichooza ni ncha za mihimili zilizomo ukutani, mahali maji ya bomba la paa yanapovujia, na vimiambamba vyote vya mbele bado ni vizima. Ziba maji kwanza, badilisha mhimili mmoja mmoja huku roshani ikiwa imeegemezwa, na uzihifadhi mbao za zamani hata zile usizozirudisha, kwa sababu fundi atazihitaji kama kigezo cha kuchongea nyingine.